Nsya Aliyebeba Kuni: Kutoka Mabatini hadi Kyamyorwa na Ubao Mmoja

Tangu nirudi, kila anayepita kwenye kibanda changu hapa Mabatini ananiuliza swali lilelile: ni kweli kule Kyamyorwa kuna bango la mnyama aliyeota mti kichwani, na ni kweli mchoraji ni mimi? Nimeshawajibu watu kumi na mmoja kwa mdomo. Kila mara nilisahau kitu, nikakaa usiku kucha nikijilaumu. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja. Hii ni rasimu ya nne. Zile tatu zilikuwa na mistari iliyopinda.

Jibu ni ndiyo, na ndiyo.

Mabatini: kabla sijaondoka

Kwa wasionijua: naitwa Leokadia, nina miaka ishirini na mitatu, nachora mabango. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama mabango ya watu na kuudhika. Miaka hii ya ruksa, kila mwenye chumba cha ziada anafungua duka, au saluni, au baa, au vyote vitatu, na wote wanataka jina juu ya mlango. Kazi zipo. Tatizo langu ni kwamba simalizi. Herufi ikiegemea upande hata kwa unene wa unywele, naifuta naanza upya. Kinyozi mmoja wa Buzuruga alisubiri bango lake hadi akaacha kunyoa, akaanza kuuza mitumba. Ikabidi nibadilishe maneno, nikachelewa tena.

Baba yangu, mwalimu mstaafu anayeishi Muleba, alikuwa amechoka kunisubiri niwe mtu. Alinipatia fomu ya chuo cha uchapaji, kwa maana ya kupiga taipu, akaijaza yeye mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri, ikabaki sahihi yangu tu. Nililia. Ndipo akaweka sharti ambalo nalikumbuka neno kwa neno: "Siku mtu mmoja, asiye ndugu yetu wala jirani yetu, atakapokuita fundi, bila kuombwa, nami nikisikia kwa masikio yangu, nitaichana fomu." Akaongeza kwamba fomu ina mwisho wake, na mwisho ni Desemba.

Mwanza wananiita dada, sista, mrembo, na mteja mmoja ananiita "wewe wa rangi". Fundi, hakuna.

Ikaja barua kutoka kwa mzee mmoja wa Kyamyorwa, Ta Kagaruki. Tulikuwa hatujuani. Mpwa wake aliona bango langu la duka la dawa akampa jina langu. Mzee alikuwa anafungua nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, anaiita Nsya, kwa sababu ya wanyama wadogo aliokuwa akiwaona utotoni pembeni ya shamba la ndizi. Aliandika: nichoree mmoja, mzuri, asiyekimbia. Nikamwandikia Baba aje siku ya kupokelewa kwa bango, awe na masikio yake.

Sasa nakiri. Sikuwahi kumwona nsya. Nimekulia mjini, wanyama ninaowajua ni mbuzi, kunguru, na wale korongo wakubwa wanaosimama jalalani kama wazee wa baraza. Kamusi ilisema nsya ni mnyama mdogo wa porini, mwoga, jamii ya paa. Sikuridhika. Nikafungua ensaiklopidia yangu ya Kiingereza. Ni juzuu moja tu, tena si nzima. Nilimkuta mama mmoja akiichana kurasa na kufungia karanga, nikaokoa kilichobaki. Na humo, kwa rangi, kulikuwa na picha ya mnyama mdogo wa porini, miguu myembamba, macho kama yanataka kulia, madoa meupe mgongoni, na kichwani pembe zenye matawi. Chini ya picha maneno yalisema ni mdogo na ni mwoga. Mengine yote ya ukurasa huo yalikwenda na karanga za mtu.

Nikasema, ndiye huyu.

Nilimchora kwa wiki tano, kwenye plaiwudi ya futi sita kwa nne. Pembe peke yake zilichukua siku nane. Nilizipima kwa rula ili matawi ya kushoto yalingane na ya kulia. Nilipomaliza sikufuta kitu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani.

Buhongwa hadi Kigongo

Mabasi yalikataa ubao. Nikapata lori la sabuni na chumvi pale Buhongwa, la dereva anaitwa Shija, anayekwenda hadi Bukoba. Hakuutazama ubao hata kidogo. Alinitazama mimi, akaniuliza kama nina undugu na Msukuma yeyote. Nikamwambia hapana, mimi ni Mhaya. Akasema, vizuri sana, utakaa katikati.

Nilidhani ni ukarimu. Kisha akatokea mama mnene, amejifunika kanga hadi puani, mkononi ana kapu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na Shija akaruka kutoka upande ule wa gari kama aliyeona nyoka.

Alikuwa mama mkwe wake, Mama Kulwa. Binti yake, mke wa Shija, alikuwa amejifungua huko Biharamulo, na mama alikuwa anakwenda kumuuguza. Wasukuma mnajua, na wengine niwaeleze: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai kiti kimoja, na kula pamoja ndiyo kabisa haiwezekani. Ni heshima. Lakini lori lina kiti kimoja. Shija alikuwa amemaliza siku mbili akitafuta mtu wa kuwa ukuta.

Kwa hiyo nilisafiri nikiwa ukuta. Mama Kulwa alitazama dirishani kushoto, Shija akatazama barabara, na maneno yakapita kwangu. "Mwambie huyo dereva kuna shimo." Nikamwambia Shija kuna shimo. "Mwambie mama nimeliona." Tayari tulikuwa tumeshalipita, kwa kuruka. Mwanzoni nilikuwa nahofia kupotosha ujumbe, nikawa nayarudia yote kama yalivyo hadi kikohozi. Mama Kulwa akaniambia kikohozi nisipeleke.

Kivukoni Kigongo foleni ilikuwa ndefu. Ubao nilikuwa nimeufunga kwa mashuka mawili meupe dhidi ya vumbi, umelala juu ya makatoni. Mlinzi mmoja wa foleni aliutazama, akamtazama Mama Kulwa aliyejifunika asiyemtazama mtu, akanitazama mimi mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akavua kofia. Akauliza kwa sauti ya chini kama imechukua muda mrefu. Nikamjibu wiki tano, na sikuwa nalala. Akasema poleni sana, akasukuma pikipiki na mikokoteni ya watu pembeni, akatuita mbele.

Mimi nilidhani ni heshima kwa sanaa. Nilielewa pale mama mmoja muuza ndizi alipoanza kuimba wimbo wa kanisani na wenzake wakaitikia.

Shija alikwishaelewa zamani. Alinikanyaga mguu kwa nguvu, maana yake nyamaza. Nakiri nilinyamaza kwa muda wa beti mbili. Kisha nikashindwa. Nilishuka, nikapanda juu ya makatoni, nikafunua shuka mbele ya watu wote, nikasema hakuna aliyekufa, ni bango. Wimbo ukakatika. Yule mlinzi akavaa kofia yake. Akatuonyesha kwa kidole mwisho wa foleni, ambao kwa wakati ule ulikuwa mbali kuliko tulipouacha.

Tulisubiri saa nne. Shija hakusema nami hata neno, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa njia yao ya maneno, ikawa gari zima limenuna.

Mvua ikaanza, njaa nayo. Kibanda cha mama lishe kilikuwa kimoja, meza moja, na nje hapakaliki. Shija alisimama mlangoni na sato wake mkononi, hawezi kuingia, hawezi kubaki. Ndipo Mama Kulwa akaniambia niulete ule ubao. Tukausimamisha katikati ya meza kama kizuizi. Upande wa picha nikauelekeza kwa Mama Kulwa, kwa sababu Shija anakula samaki kwa kurusha miiba. Shija akakaa upande wa ubao mtupu, na wote wawili wakala kwa amani, karibu wagusane magoti na hawaonani.

Mimi nilikaa mwisho wa meza, naona pande zote mbili. Mama Kulwa alitafuna, akatazama picha. Akatafuna tena. Nilikuwa nahesabu matonge yake.

Mwishowe akauliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, huyu mnyama alikuwa anatoka kuokota kuni?"

Sengerema hadi Geita

Maneno yale niliyabeba hadi Sengerema. Nikamwambia zile si kuni, ni pembe, ni nsya. Akacheka hadi kanga ikamteleza, na Shija akageuza uso haraka nusura tuingie mtaroni.

Baba yake Mama Kulwa alikuwa mwindaji. Alisema amekula nsya wengi kuliko miaka yangu. Nsya pembe zake ni fupi, zimenyooka, kama vidole viwili vya kuagiza chai mbili. Katikati ya pembe nywele zinasimama kama za mtoto aliyetoka kuamka. Puani ana mstari mweusi. Madoa hana. Matawi hana.

Nikatoa ensaiklopidia yangu kwenye begi. Nikamtafsiria palipobaki: kwamba mnyama huyu pembe zake hudondoka kila mwaka, na nyingine huota.

Mama Kulwa akafikiri. "Zinadondoka na kuota tena?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huyo ni mti, na nyie mmempa macho."

Shija akaniomba nimwambie mama kwamba hilo limemchekesha. Mama akajibu aambiwe atazame barabara. Nikapeleka. Nilikuwa natafsiri vicheko vya watu kuhusu kazi yangu ya wiki tano, na nilijitahidi nisikosee.

Geita tuliegesha kwenye hoteli ya chai na chapati, ubao mezani kama kawaida. Meza ya jirani alikuwa bwana wanyamapori, amevaa magwanda ya kijani, buti zimejaa tope. Aliuona ubao, akaweka kikombe chini, akaja kusimama nyuma ya Mama Kulwa. Akauliza nani mwenye mnyama huyu. Nikanyoosha mkono kama darasani. Akauliza kama nina kibali cha kumwingiza nchini.

Nakiri nilianza kutafuta. Nilitoa barua ya Ta Kagaruki, cheti cha ubatizo, na kadi ya kliniki ya shangazi ambayo sijui ilifikaje kwenye begi. Alinitazama nikizipanga kwa ukubwa, akaniambia kwa huruma kwamba alikuwa anatania.

Kisha akakaa, na yule ndiye mtu wa kwanza kunieleza jambo ambalo kila mtu alidhani nalijua. Alisema Afrika yetu ina wanyama wa pembe wa kila namna, za kusokota, za kupinda, za kunyooka, lakini mwenye pembe za matawi hana kwao hapa. Kule kaskazini kabisa, ng'ambo ya jangwa, wapo wachache milimani. Huku kwetu hakuna hata mmoja, ndiyo maana hata Kiswahili hakina jina lake hasa. Wale wadogowadogo kama wangu wanaishi misitu ya Asia na Amerika ya Kusini.

Nikamuuliza, sasa kwa nini wanafanana na nsya, miguu ileile, macho yaleyale, hadi mtu anapotea?

Akasema, "Dada, kila msitu una nafasi ya kazi hiyo. Kuwa mdogo, kula majani na matunda yaliyoanguka, kukaa peke yako, na kuogopa. Kule wameajiriwa hao wa matawi. Huku kwetu kazi hiyo wanaifanya nsya, na digidigi, na paa. Si ndugu wa karibu. Wanafanya kazi moja tu."

Kazi ya kuwa mdogo, kukaa peke yako na kuogopa. Nilitaka kumwuliza kama nafasi zimejaa, lakini Shija alikuwa anapiga honi.

Geita hadi Biharamulo

Nilikuwa na makopo madogo manne ya rangi, nimeyabeba kwa ajili ya kurekebisha mikwaruzo ya safarini. Mpango wangu ukawa kumfuta yule mnyama mzima kabla ya kufika na kuchora upya. Njia nzima kutoka Geita nilikuwa naona sura ya Baba akitoa kalamu ili nisaini.

Nafasi niliipata mapema kuliko nilivyoomba. Msituni, bado tuko mbali na Biharamulo, lori lilizama kwenye tope hadi ekseli. Shija akalizunguka mara tatu, akaniomba nimwambie mama kwamba tutakuwa hapa kidogo. Kidogo ilikuwa hadi kesho yake saa nne asubuhi.

Nikashusha ubao, nikaulaza kwenye majani, nikatia kitambaa tapentaini. Kabla sijagusa pembe, Mama Kulwa akanishika mkono.

"Huyo usimfute," akasema. "Nimekula naye mara mbili. Geuza ubao."

Sikuwa nimefikiria hilo hata mara moja, kwamba ubao una pande mbili. Nikageuza. Shija naye akafurahi, akasema kwa wakati wote huo amekuwa anakula akitazama mbao tupu kama mahabusu, walau sasa na yeye atapata cha kutazama.

Nikaanza kuchora kabla jua halijazama, Mama Kulwa amekaa juu ya katoni la sabuni akiniamuru. Shingo fupi zaidi. Mgongo uiname, nsya si ng'ombe wa maonyesho. Akalala, nami nikalala, na asubuhi nikakuta rangi haijakauka vizuri na wadudu wa mvua wamenasa kila mahali. Nilitoa arobaini na saba kwa kibano cha nyusi.

Kwenye chai Shija akauona upande wake kwa mara ya kwanza. Naye aliwahi kuchunga porini utotoni. Akasema sawa, lakini mkia chini ni mweupe, mwambie mama. Mama akasema mkia hauna maana, nsya akikuonyesha mkia ameshaondoka, mwambie yeye ashughulike na gurudumu. Shija akasema masikio nayo ni mafupi mno, kwa heshima zote. Mama akasema kwa heshima zote masikio ya kwao labda ya punda. Nilikuwa nimesimama katikati na brashi, narefusha sikio upande mmoja na kulifupisha upande mwingine, machozi yananitoka, kwa sababu wote wawili walikuwa wazee wangu na wote wawili walikuwa na uhakika.

Ndipo akatokea.

Hatua kama ishirini kutoka kwenye lori, kwenye ukingo wa majani, akasimama mnyama wa kimo cha mbuzi mdogo, wa rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa na vijipembe viwili vilivyonyooka, kishungi katikati, na mstari mweusi puani unaong'aa kwa maji. Masikio yalikuwa marefu. Alitutazama sote watatu, na Mama Kulwa na Shija kwa mara ya kwanza walikuwa wanatazama kitu kimoja pamoja, bega kwa bega, hawakumbuki kwamba ni mwiko.

Mguu mmoja wa mbele alikuwa ameuinua. Hakuushusha. Alikuwa anatetemeka ngozi nzima, hasa ubavuni, lakini alikaa pale akamaliza kututazama. Kisha akainamisha kichwa na kujirusha kichakani kama mtu anayepiga mbizi ziwani. Mkia chini ulikuwa mweupe.

Ndipo Mama Kulwa akaona amesimama kando ya mkwe wake, akajifunika kanga, akahamia nyuma ya gari. Kutoka huko akaniambia nimwambie mkwe wake kwamba kuhusu mkia alikuwa sahihi.

Nilipaka mkia. Nilirefusha masikio. Na mguu wa mbele niliuinua. Rangi ikaisha, na kwato moja ikabaki haina kivuli. Niliiacha hivyo, kwa kuwa sikuwa na namna.

Biharamulo

Tulimshusha Mama Kulwa kwenye nyumba ya binti yake. Watoto walikuwa wawili, mapacha, kama mama yao alivyozaliwa na pacha wake. Shija alikuwa hajaambiwa, akakaa chini kwenye kizingiti. Mama Kulwa alitoka na mmoja mikononi, akasimama mbali kidogo, uso pembeni, akanikabidhi mtoto nimpelekee baba yake. Hatua saba. Sijawahi kubeba ujumbe kwa uangalifu kama ule.

Kabla sijapanda gari alinipa michembe iliyobaki. Akasema mkwe wake sasa atakuwa anakuja nyumbani kwake mara kwa mara kwa sababu ya watoto, na wamezoea kula na ubao. Nikipata nafasi nimchoree mwingine, mdogo, wa kukunja. Upande wake niweke nsya. Upande wa Shija niweke chochote, ila asiwe mwanamke.

Nilisubiri aniite kwa lile neno. Aliniita mwanangu. Na hata angeniita, Baba hakuwepo.

Kyamyorwa

Baba alikuwa amefika tangu asubuhi, na kwa kuwa sisi tulichelewa siku nzima, alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha Ta Kagaruki akisahihisha orodha ya vinywaji. Alikuwa ameshapata makosa sita. Fomu ilikuwa mfukoni mwa shati, kona yake nyeupe imechungulia.

Nilipiga magoti, shikamoo, shikamoo, nikaanza kukiri hata kabla ya kuambiwa marahaba. Ta Kagaruki ni mzee mrefu, mkimya, amevaa koti la suti na kandambili. Nilimweleza yote kwa pumzi moja: ensaiklopidia, karanga, Asia, Amerika ya Kusini, bwana wanyamapori. Nikasema upande mmoja ni sahihi, ukiacha kwato moja, na upande mwingine ni mnyama ambaye hajawahi kukanyaga nchi hii, naomba tu nipate kopo moja la rangi ya kijani niufunike.

Ta Kagaruki na Shija wakausimamisha ubao kwenye nguzo zake mbili kando ya barabara. Akazunguka upande wa nsya. Akatazama mguu ulioinuliwa, muda mrefu, akasema kwa Kihaya kitu kama "kumbe bado upo." Baba akasogea, akavaa miwani, akagusa pua ya mnyama. Akaniambia hapa pana panzi. Ni kweli, mmoja nilimkosa, senene mzima, amekauka kwenye rangi. Nikataka kufa.

Ta Kagaruki akazunguka upande wa pili, ule unaotazama Biharamulo. Mimi tayari nilikuwa nimeshapata kopo la kijani kwa watu waliokuwa wanapaka madirisha, nimelifungua kwa bisibisi, brashi iko mkononi.

Basi lililokuwa linapita likapunguza mwendo. Vichwa vikatoka madirishani. Mtu akauliza yule ni nini, mwingine akasema ni mbuzi amenasa kwenye mti, mwingine akasema huyo mimi nimemwona kwetu, jambo ambalo bwana wanyamapori angetaka kulisikia. Dereva akasimamisha. Wakashuka kama kumi kuja kubishana kwa karibu. Wakazunguka, wakaona upande wa pili, wakarudi, ubishi ukazidi. Jua lilikuwa kali. Wawili wakaagiza soda, halafu wote.

Nikainua brashi.

"Acha," akasema Ta Kagaruki.

Nikamwambia, kwa heshima, mzee, hii picha ni kosa, siwezi kuondoka nikaiacha barabarani, kila gari litaiona, jina langu liko chini. Akasema hapana. Nikasema dakika kumi tu. Akasema hapana. Nakiri nilibishana na mzee wa watu mbele ya baba yangu na abiria wa basi zima, na rangi ya kijani ilikuwa inadondoka kwenye kiatu changu.

Akakasirika. Hakupaza sauti, lakini alikasirika.

"Fundi," akasema, "kazi ikishafika kwa mwenyewe si yako tena. Weka kopo chini."

Niliweka kopo chini. Ilinichukua muda kusikia nilichosikia. Nikageuka kumtazama Baba.

Baba alikuwa amevua miwani. Akamwuliza Ta Kagaruki amesema nani.

"Nimemwambia fundi aweke kopo. Kwani wewe ulidhani huyu ni nani?"

Baba alirudi kibarazani, akakaa, akaendelea na orodha ya vinywaji, lakini niliona kalamu haiandiki.

Kurudi

Nilirudi Mwanza kwa lori lilelile, wiki iliyofuata, nimekaa pembeni dirishani, na katikati palikuwa na mkungu wa ndizi.

Siku hizo nilikaa kwa Baba, Muleba, na asubuhi ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani. Ulikuwa msimu wa senene, na Muleba nzima ilikuwa inanukia mafuta ya kukaangia. Alinunua bakuli zima, bado wa moto, na muuzaji hakuwa na karatasi. Baba akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa fomu, akaifungua, akaisoma mara ya mwisho juu hadi chini kama kawaida yake. Kisha akaikunja, akatengeneza koni, akaipima kwa jicho, akaikunjua, akaikunja tena vizuri zaidi, na mara ya tatu ndipo akaridhika. Akamimina senene ndani.

Akanipa na kusema nile wakingali wa moto.

Senene niliwamaliza kabla ya Biharamulo. Fomu ninayo bado, imelowa mafuta hadi maandishi ya Baba yanaonekana upande wa pili. Nimeipigilia msumari kibandani, juu ya ubao wa kukunja wa Mama Kulwa, ambao nimeuanza Jumatatu na sijafuta kitu, ila sikio moja.